Mkalimani na Bawabu: Kuunganisha Ruta Yako na Faiba ya Nyumbani

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno haya yamepigwa chapa kama yalivyosomwa, ili wanafunzi wapate kuyasoma tena pamoja darasani.

Natumaini kila mmoja amekwisha pata mahali pa kuketi, na wenye daftari wamefungua ukurasa mpya. Juma lililopita tulijifunza kusoma mita ya LUKU, na wengi wenu mmetuandikia kwamba sasa mnaingiza namba za umeme wenyewe bila kumwita mtoto. Hayo ni maendeleo, na tunawapongeza.

Leo tutazungumza juu ya chombo kingine cha nyumbani. Katika barua tulizopokea imo moja iliyotoka katika darasa la mjini. Wanauliza hivi: "Mwalimu, mwenzetu mmoja ameletewa faiba nyumbani kwake. Kampuni imemwekea kisanduku chake ukutani. Yeye naye amenunua ruta yake mwenyewe kwa fedha zake. Je, anaweza kuchomoa uzi wa faiba katika kisanduku cha kampuni na kuuchomeka moja kwa moja katika ruta yake?"

Swali hili ni zuri, na jibu lake fupi ni hili: kwa namna hiyo hawezi, lakini kwa namna nyingine anaweza. Sababu yake si ngumu. Mtu akiijua sababu, hatatapeliwa na muuzaji dukani, wala hataharibu kwa mikono yake kitu anacholipia kila mwezi. Basi twende polepole.

1. Faiba ni nini

Faiba ni uzi wa kioo safi sana. Chukua rula yako utazame milimita moja. Igawe milimita hiyo mara nane. Kipande kimoja katika hivyo vinane ndicho unene wa uzi huo. Uzi ni mwembamba hivyo, kwa hiyo huvikwa nguo ya plastiki ili usikatike.

Katika waya wa umeme hupita umeme. Katika uzi wa kioo hupita nuru. Nuru hiyo huwaka na kuzimika mara nyingi mno katika sekunde moja, na kuwaka na kuzimika huko ndiko kunakochukua maneno, picha na sauti. Ndani ya kioo nuru husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde.

Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, waliokuwa wakifanya kazi Uingereza, walieleza katika maandishi yao kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kupeleka habari mbali kwa njia ya nuru. Kwa kazi hiyo Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009. Mwaka huo huo nyuzi za namna hii zilizolazwa chini ya bahari zilifika katika pwani yetu. Ule uitwao SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam, na ule uitwao TEAMS ulifika Mombasa ukitoka Fujairah katika Falme za Kiarabu. Tangu hapo nyuzi zimeendelea kutandazwa nchi kavu, kwanza kati ya mji na mji, kisha barabarani, na sasa zinaingia majumbani.

2. Kwa nini kampuni haikubali kila kisanduku

Pengine unadhani kwamba uzi unaoingia kwako ni wako peke yako mpaka kwa kampuni. Mara nyingi sivyo. Fikirini mti. Shina ni uzi mmoja unaotoka katika mashine ya kampuni. Karibu na mtaa wenu, juu ya nguzo au ndani ya kasha, uzi huo hugawanywa kuwa matawi. Katika mpango unaotumika sana, uitwao GPON, shina moja huweza kugawanywa kwa nyumba 32 au 64.

Nuru inayoshuka kutoka kwa kampuni hufika katika matawi yote. Habari zako na habari za jirani hushuka pamoja, lakini kila nyumba hufungiwa zake kwa siri, na kisanduku cha kila nyumba huchukua zake tu.

Nuru inayopanda kutoka majumbani ndiyo yenye taabu. Nyumba zote hutumia shina lile lile moja. Tazameni darasa lenu. Wanafunzi thelathini wakijibu kwa pamoja, mwalimu hasikii neno hata moja. Ndiyo maana hunyoosha mikono, na mwalimu humpa kila mmoja zamu yake. Mashine ya kampuni hufanya kama mwalimu huyo. Hukipa kila kisanduku zamu ya kusema, na zamu yenyewe ni kipande kidogo sana cha sekunde. Tena hukijua kila kisanduku kwa namba yake, ambayo imechapwa chini ya kisanduku chenyewe.

Sasa akija mgeni asiyeandikwa katika orodha, mwalimu hatampa zamu. Atakaa kimya tu. Na akitokea mkorofi anayesema bila zamu, atawaharibia majirani wote wa shina lile. Kwa sababu hiyo kampuni haikubali kila kisanduku kiunganishwe na uzi wake. Mwenzetu wa barua akichomeka faiba katika kisanduku kisichoandikishwa, hatapata intaneti, hata kama kisanduku hicho ni cha bei kubwa namna gani.

3. Kazi mbili katika kisanduku kimoja

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kisanduku cha kampuni mara nyingi hufanya kazi mbili, na watu wengi hudhani ni moja.

Kazi ya kwanza ni ya mkalimani. Nuru hufika katika kisanduku, nacho huigeuza iwe umeme unaoeleweka na kompyuta. Habari zikitoka kwako hugeuzwa kuwa nuru na kupandishwa. Mkalimani huyu ndiye anayejulikana na mwalimu wa kampuni. Juu ya visanduku vingi utaona herufi tatu, O, N na T. Herufi hizo ni alama ya kazi hii.

Kazi ya pili ni ya bawabu, yaani mlinzi wa mlango. Kampuni huipa nyumba yako namba moja tu ya kujulikana, ambayo huitwa anwani. Lakini ndani ya nyumba zimo simu nne, runinga moja na kompyuta ya mtoto. Bawabu hukipa kila chombo namba ya ndani, kwa mfano 192.168.1.5. Simu ya mama ikiomba picha, bawabu huandika katika daftari lake kwamba ombi limetoka kwa mama. Picha ikirudi, humpelekea mama, wala hampelekei mtoto. Mtu wa nje akibisha hodi bila kualikwa, bawabu hamfungulii. Ni bawabu huyu huyu anayetoa waifai kwa watu wa nyumbani. Jina lake ndilo ruta.

Basi mkalimani ni mtu wa kampuni, na mara nyingi lazima abaki. Bawabu si lazima awe wa kampuni. Bawabu anaweza kuwa wako.

(Hapa mwalimu wa darasa aulize: Ni kazi gani mbili zinazofanywa na kisanduku cha kampuni? Wanafunzi watatu wajibu kwa maneno yao wenyewe.)

4. Mabawabu wawili katika nyumba moja

Mtu atauliza, kwa nini mtu ahangaike kutafuta bawabu wake? Zipo sababu za kweli. Pengine kisanduku cha kampuni kimewekwa sebuleni na waifai yake haifiki chumba cha nyuma. Pengine nyumba ina vyombo vingi na kisanduku kinachoka. Pengine unataka kupanga saa ambazo watoto watazima intaneti wakalale. Au unataka, ukihamia kampuni nyingine, jina la waifai na neno la siri vibaki vile vile.

Lakini kama kisanduku ulichopewa kinafanya kazi vizuri, usinunue kingine kwa kuwa jirani amenunua. Jaribu kwanza kukitoa nyuma ya kabati na kukiweka mahali pa wazi, palipoinuka, karibu na katikati ya nyumba. Ikiwa kwa kufanya hivyo uzi wa kioo utavutika, mwite fundi wa kampuni. Mara nyingi hilo peke yake latosha, na fedha zako zitabaki mfukoni.

Aliyenunua ruta kwa kawaida hufanya hivi: huchukua waya wa LAN, yaani ule waya wenye vichwa vya plastiki angavu, na kuunganisha tundu la LAN la kisanduku cha kampuni na tundu la WAN la ruta yake. Intaneti hupatikana mara moja, naye hufurahi. Hakufanya kosa kubwa. Lakini ajue kwamba sasa nyumba ina mabawabu wawili, mmoja nyuma ya mwingine.

Mgeni akija, hupita kwa bawabu wa kwanza, kisha kwa wa pili, na kila mmoja ana daftari lake. Kwa kusoma habari na kutuma ujumbe hutaona tofauti. Taabu huja kwa mambo mengine. Kamera ya mlangoni unayotaka kuitazama ukiwa safarini huenda isifunguke, kwa maana umempa ruhusa bawabu wa pili na wa kwanza hana habari. Mashine ya kuchapia iliyo katika waifai ya kampuni haionekani na simu iliyo katika waifai yako. Tena mabawabu wote wawili wakitumia namba za ndani za aina moja, huchanganyikiwa na intaneti hukatika. Na siku likitokea tatizo, hujui umlaumu nani.

Kwa hiyo kanuni ya leo ni hii, na tafadhali iandikeni katika daftari: Nyumba moja, bawabu mmoja.

5. Kosa nililofanya mimi

Kabla ya kuwaeleza njia iliyo sawa, nitawaeleza kosa langu, ili lisirudiwe na mtu mwingine.

Nilipoletewa faiba nyumbani nilikuwa na ruta niliyoinunua zamani, nami niliiona bora kuliko kisanduku cha kampuni. Siku moja ya Jumamosi nilifikiri kama alivyofikiri mwenzetu wa barua. Nikashika kile kichwa cha kijani cha uzi wa kioo nikakichomoa. Nikatazama ruta yangu kila upande, na halikuwamo tundu la kukitosha. Matundu yote yalikuwa ya waya wa LAN. Nikasema, basi, nirudishe. Kabla ya kurudisha nikaona vumbi juu ya kile kichwa, nikakifuta kwa pindo la shati langu. Kisha nikausukuma uzi nyuma ya kabati, ukakunjika pembeni.

Nilipowasha, ikawaka taa nyekundu penye herufi L, O na S. Taa hiyo maana yake ni kwamba kisanduku hakipati nuru.

Mke wangu ni mshonaji, na wateja wake humtumia vipimo na picha za vitambaa kwa njia ya simu. Harusi ilikuwa juma lile. Kwa siku tatu alinunua vifurushi vya simu kila asubuhi, nami sikuwa na la kusema. Siku ya tatu fundi alikuja. Alisafisha kichwa kwa kitambaa maalumu, akapima, akatikisa kichwa, akabadili kipande kizima cha uzi. Kisha akaniambia, "Mwalimu, shati lako limepaka mafuta mahali ambapo nuru inapita, na mkunjo umeizuia nuru iliyobaki." Nilimlipia kipande kile kwa haki, maana kosa lilikuwa langu.

Hapa kuna mafunzo matatu. La kwanza, kichwa cha uzi wa kioo usikichomoe bila sababu, wala usikiguse kwa kidole au nguo. Njia ya nuru ndani ya kioo hicho ni nyembamba kuliko chembe ya vumbi uionayo kwa macho. La pili, uzi usiukunje kama karatasi. Ukitaka kuuzungusha, mzunguko uwe mpana kuliko kikombe cha chai. La tatu, usichungulie ndani ya kichwa wala ndani ya tundu lake. Nuru ya faiba haionekani kwa macho yetu, kwa hiyo huwezi kujua kama inawaka, nayo haifai kuingia jichoni.

6. Njia iliyo sawa

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Tunataka mkalimani wa kampuni abaki, bawabu wa kampuni apumzike, na bawabu wetu ashike zamu. Hali hiyo huitwa hali ya daraja. Kisanduku cha kampuni huwa daraja tu: habari hupita juu yake bila kusimamishwa, mpaka katika ruta yako.

Kwanza, piga simu kwa kampuni yako au nenda ofisini kwao. Usianze na bisibisi, anza na maswali. Yaandikeni, yako matano.

Swali la kwanza: Je, mnaruhusu kisanduku chenu kiwekwe katika hali ya daraja, nami nitumie ruta yangu?

Swali la pili: Je, ruta yangu itapewa anwani yenyewe tu, au yahitaji jina na neno la siri la kuingilia? Kampuni nyingine hutumia jina na neno la siri, na utaratibu huo huandikwa PPPoE katika ukurasa wa ruta. Kwa kampuni nyingine ruta huomba anwani na kupewa.

Swali la tatu: Je, kuna namba ya VLAN ninayopaswa kuiandika? VLAN ni kama namba ya njia katika barabara pana. Ukisahau kuiandika pale inapotakiwa, kila kitu kitaonekana sawa lakini intaneti haitapita.

Swali la nne: Je, simu ya mezani au runinga inayopitia katika kisanduku chenu itaendelea kufanya kazi? Pengine itakatika, na yafaa ujue mapema.

Swali la tano: Je, anwani nitakayopewa ni yangu peke yangu, au nashiriki na wateja wengine? Kampuni nyingi huwashirikisha wateja wengi anwani moja. Ikiwa hivyo, huko kwa kampuni kuna bawabu mwingine ambaye huwezi kumwondoa, na kamera yako bado inaweza kukataa kufunguka ukiwa mbali.

Wakikubali, endelea hivi.

Hatua ya kwanza. Andika katika karatasi mambo yote uliyoambiwa, herufi kwa herufi. Herufi kubwa na herufi ndogo si sawa katika neno la siri. Piga pia picha ya kisanduku na nyaya zake kabla hujagusa kitu.

Hatua ya pili. Washa ruta yako peke yake, bila kuiunganisha na kampuni. Fungua ukurasa wake wa mipangilio kwa simu au kompyuta. Namba za kufungulia ukurasa huo zimechapwa chini ya ruta. Andika pale jina, neno la siri na namba ya VLAN kama uliambiwa.

Hatua ya tatu. Omba kampuni waweke kisanduku chao katika hali ya daraja. Kampuni nyingine hufanya hivyo kutoka ofisini kwao bila fundi kuja. Waambie wazime pia waifai ya kisanduku hicho kama bado inawaka.

Hatua ya nne. Unganisha waya wa LAN kutoka tundu la kisanduku uliloambiwa hadi tundu la WAN la ruta yako. Tundu la WAN mara nyingi lina rangi yake, tofauti na mengine. Waya huo waweza kuwa na urefu wa hata mita 100, kwa hiyo ruta yako yaweza kukaa katikati ya nyumba ijapokuwa kisanduku kiko mlangoni. Waya ulioandikwa Cat5e au Cat6 watosha.

Hatua ya tano. Zima vyombo vyote viwili. Ngoja dakika kadhaa, maana mashine ya kampuni huenda bado inamkumbuka bawabu wa zamani. Kisha washa kisanduku kwanza, usubiri taa ya PON itulie bila kupepesa, ndipo uwashe ruta.

Hatua ya sita. Jaribu. Ikikataa, tazama taa kabla ya kugusa kitu. Kama taa ya LOS ni nyekundu, tatizo liko katika nuru, nalo ni kazi ya fundi wa kampuni. Kama taa ya PON imetulia na LOS imezimika, nuru ni nzima. Rudi katika karatasi yako usome tena jina, neno la siri na namba ya VLAN. Kosa mara nyingi ni la herufi moja.

Je, kampuni ikikataa hali ya daraja? Usigombane nao. Bado iko njia ya kuwa na bawabu mmoja. Fungua ukurasa wa mipangilio wa ruta yako uiweke katika hali ya kituo cha waifai tu. Hapo ruta yako haitakuwa bawabu, itakuwa mtoa waifai tu, na kisanduku cha kampuni kitabaki kulinda mlango. Chumba cha nyuma kitapata intaneti, na kanuni yetu haitavunjwa.

7. Njia ya moja kwa moja kabisa

Wako watakaosema, "Nimesikia kwamba nchi nyingine watu huchomeka uzi wa kioo katika ruta zao wenyewe." Ni kweli. Ziko ruta zenye mkalimani ndani yake, na ziko ruta zenye tundu la kuingiza mkalimani mdogo, ukubwa wa kidole. Tundu hilo huandikwa SFP. Huko Ujerumani, tangu tarehe 1 Agosti 2016, kwa sheria mpya, mteja ana haki ya kuchagua chombo chake mwenyewe cha kuunganisha nyumbani.

Lakini hata huko, chombo hicho ni lazima kiandikishwe kwa kampuni kwa namba yake, kwa sababu tuliyoieleza ya mwalimu na zamu. Kwetu sisi jambo hili hutegemea mkataba wako na kampuni. Usome, au usomewe na mtu unayemwamini, kabla ya kununua. Na akija mtu mtaani akasema atakunakilia namba ya kisanduku cha kampuni katika chombo kingine kwa siri, mkatalie. Waweza kukatiwa huduma, na waweza kuwaharibia majirani.

8. Kazi ya mwenye mlango

Mwenye bawabu wake ana kazi zake, maana kampuni haitakutengenezea ruta ambayo si yake.

Badili neno la siri la ukurasa wa mipangilio. Lile lililotoka dukani laweza kujulikana na wengi. Weka neno la siri la waifai lililo refu, na katika ulinzi chagua WPA2 au WPA3. Kila baada ya muda ingia katika ukurasa huo utazame kama kuna programu mpya ya ruta, uiweke. Programu mpya huziba matundu ambayo wezi wameyagundua.

Kumbuka umeme pia. Sasa una vyombo viwili. Ukinunua betri ndogo ya akiba ukaiunganisha na ruta peke yake, umeme ukikatika mkalimani atalala na bawabu hatakuwa na wa kumfungulia. Vyote viwili vipate betri.

Mwisho, kisanduku cha kampuni usikitupe wala usikiuze. Mara nyingi ni mali yao, na mkataba ukimalizika watakidai.

Muhtasari

Basi, wasikilizaji, turudie tuliyojifunza. Faiba ni uzi wa kioo unaopitisha nuru. Nyumba nyingi hushiriki shina moja, kwa hiyo kampuni hukubali kisanduku inachokijua tu. Ndani ya kisanduku kuna mkalimani na bawabu. Mkalimani abaki, bawabu aweza kuwa wako. Uliza kampuni kwanza, andika majibu, usiguse kichwa cha kijani, na usiweke mabawabu wawili katika nyumba moja.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mashine ya kampuni hutoa zamu kwa visanduku?
2. Mwalimu alifanya makosa gani alipochomoa uzi wa kioo? Taja matatu.
3. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, utamwita nani?
4. Kampuni ikikataa hali ya daraja, utafanya nini?
5. Kama darasa lina mtu mwenye kisanduku cha faiba nyumbani, anakili herufi zilizo juu na chini yake bila neno la siri, azilete darasani. Mzisome pamoja.

Maneno ya kukumbuka

Anwani: namba ambayo chombo hujulikana nayo katika intaneti.
Bawabu: mlinzi wa mlango, katika somo hili, ruta.
Hali ya daraja: hali ambayo kisanduku hupitisha habari bila kuzigawa wala kuzizuia.
Mkalimani: anayegeuza maneno ya lugha moja kuwa ya nyingine, katika somo hili, sehemu inayogeuza nuru kuwa umeme.
Waifai: intaneti inayosafiri hewani ndani ya nyumba bila waya.

Mwenzetu uliyetuandikia, ruta yako si hasara, itafanya kazi. Lakini Jumatatu asubuhi anza na simu kwa kampuni, na ule uzi wa kioo uuache mahali pake. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutajifunza kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Kwaherini, na someni vizuri.